Mtoto Hakaushwi Kichanjani

Katuba, Lubumbashi

Mwansa,

Ungekuwa karibu, kofi lingetangulia salamu. Wewe mwanaume mwenye ndevu, unaniandikia kwa furaha kwamba Yudita ameanza kuzoea jua. Kwamba mabega yake hayababuki tena. Kwamba umembonyeza kwa kidole gumba na kidole hakikuzama, ngozi "imeshika". Imeshika! Mtoto wa miaka minne, mweupe kama unga wa muhogo, unampandisha kwenye vichanja vya kukaushia samaki afukuze ndege tangu asubuhi mpaka jua linapoinama, halafu unampima kwa kidole kama unavyompima samaki wa chumvi kujua kama yuko tayari kwenda sokoni. Nilipofika kwenye maneno hayo nilisimama katikati ya uwanja wa mjomba wako Petro nikasema mambo ambayo masista hawakunifundisha. Majirani walitoka nje wakidhani kuna msiba.

Sasa salamu, maana sikulelewa porini.

Hujambo, mwanangu? Mke wako hajambo? Mguu wake uliokuwa umevimba umeshuka, au bado anauburuta na wewe unamwangalia tu? Mto umejaa? Nyavu mmezificha wapi? Hapa tunasikia kwamba askari wanateremka kutoka upande wa Pweto, na kila dereva wa samaki anakuja na hadithi yake. Mmoja anasema Pweto hakuna mtu, wote wamevuka kwenda Zambia. Mwingine anasema wamerudi kuchukua vyungu vyao. Niandikie ulichoona kwa macho yako hapo Kasenga. Ulichoambiwa ninacho tayari, kinatosha kujaza gunia.

Sisi tupo. Tunakula bukari, ugali wa ngumi moja, mara moja kwa siku, na sombe ya majani ya muhogo isiyojua mafuta. Afya yangu ni nzuri, isipokuwa siwezi kukaa. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda hadi kwenye kona ya barabara, nikifika kwenye kona nasahau nilifuata nini, narudi. Mke wa Petro, kwake mimi ni dada mkubwa, ananiambia, "Yaya, ikala kidogo, unachokesha hata kuku." Namwambia kuku wake wana bahati, hawana mtoto wa kiume anayeandika barua.

Mji huu umekufa ukiwa umesimama. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalilia kuuona, unakumbuka, taa zake na magari yake. Taa nyingi zimezimika, waya watu wamezikata wakaziuza. Watu wa kampuni ya shaba wanaamka asubuhi, wanavaa viatu vya kazi, wanaenda kukaa nje ya lango lililofungwa, jioni wanarudi. Wamelima maharage mbele ya ofisi. Mwanamke mmoja hapa mtaani anauza fremu ya mlango wake mwenyewe. Amefunga mlango kwa kitenge. Na kila siku wanaingia watu wapya kutoka kaskazini wakiwa na magodoro kichwani, wanauliza kama kuna nafasi. Nafasi iko wapi? Katika nyumba ya Petro tunalala kama dagaa kwenye mfuko.

Petro mwenyewe unajua alikuwa mlinzi kwenye ghala la kampuni. Bado analala na filimbi yake shingoni. Habari ya ghala lile nitakuambia, kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa nililojifunza hapa, na nataka uelewe kama mtu mzima, usiseme mama amechanganyikiwa na moshi wa mjini.

Unakumbuka tulivyoondoka. Godeliva wako, dada yake Yudita na mweupe kama yeye, kwenye lori juu ya magunia ya samaki, chini ya turubai, na kile kidonda nyuma ya shingo ulichokifunga kwa kitambaa. Njiani hakulia hata mara moja. Hospitalini tulipata daktari mwanamke, kijana, ana miwani na hana subira. Nilimpenda papo hapo. Alifungua kitambaa, akanusa, akaniangalia.

"Mama, hii nyeupe mu kidonda ni nini?"

"Ni chumvi."

"Chumvi ya nini?"

"Ya samaki. Baba yake aliweka, juu isioze."

Alivua miwani. "Baba yake eko munganga?"

"Anategaka samaki na kukausha."

"Basi mumuambie abakie na samaki. Huyu ni mutoto wa muntu."

Nikataka kumjibu, maana hata kama wewe ni mpumbavu, mpumbavu ni wangu. Lakini Godeliva alinitangulia, akiwa ameinamisha kichwa mezani, shingo wazi.

"Dokta, hata kunigeuza alinigeuza. Upande na upande, nikauke muzuri."

Daktari alicheka bila kutaka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia kile kidonda mchana, kwa mara ya kwanza bila kitambaa na bila wewe kusimama mbele yangu ukiniambia kimekauka. Juu kilikuwa na gamba gumu. Daktari alipoinua gamba kwa pamba, chini kulikuwa kubichi. Wewe unajua samaki wa namna hiyo, Mwansa. Juu mkavu, kidole hakizami, unamfunga kwenye gunia kwa furaha, na siku ya soko anaoza kuanzia kwenye mfupa na kuharibu gunia zima. Unajua! Umewafokea watu wengine kwa ajili ya kosa hilo. Kwa samaki una akili.

Walikata kipande kidogo wakakiangalia kwa kioo chao cha kukuzia vitu. Jibu lilikuja: kansa ya ngozi. Nilikuwa nadhani kansa ni ugonjwa wa ndani ya tumbo. Petro alikuwa amenisindikiza siku ile, tukakaa watatu kwenye benchi la barazani, Godeliva katikati yetu na kofia yake, nami nikamuuliza daktari jambo lililokuwa linaniwasha.

"Dokta, huyu mutoto alibabuka tangu alizaliwa. Jua inamuchoma, anababuka, anapona. Inamuchoma, anababuka, anapona. Juu ya nini sasa hapa shingoni alikatala kupona?"

"Mama," akasema, "kule kubabuka njo kulikuwa kunamulinda."

Kisha akatueleza. Nitakuandikia kama nilivyoshika, na pale nilipokosea mwulize Mungu.

Ngozi ya mtu, Mwansa, imejengwa kwa chembe ndogo ambazo jicho halizioni, nyingi kuliko mchanga wa ufukoni kwako. Ndani ya kila chembe kuna maagizo ya kazi, namna ya kuishi, namna ya kuzaa chembe nyingine. Na kuna mlinzi. Mlinzi huyo ni proteini, kitu mwili unachojitengenezea wenyewe. Nikamuuliza jina lake. Akasema wanamwita p hamsini na tatu.

"Namba?" nikasema. "Muntu anafanya kazi kubwa hivi, munamuita namba?"

Petro akanigusa mkono. "Yaya, hata mie kampuni ilinipatiaka namba. Siku yote bananiita namba. Jina yangu banaijua kwetu tu."

Basi, mlinzi huyo mwenye namba kama mfanyakazi wa kampuni, kazi yake ni hii. Jua likimchoma mtu sana, linaingia katika chembe na kuchana yale maagizo. Mlinzi akiona hivyo anapiga filimbi: simama, usizae, mpaka mafundi watengeneze palipochanika. Pakitengenezeka, kazi inaendelea. Pasipotengenezeka, anaiamuru ile chembe ife, ili isizae watoto wenye maagizo mabovu. Chembe zilizokufa zinaanguka. Na huko kuanguka ndiko kubabuka. Umenielewa? Zile siku zote ambazo Godeliva alibabuka na kulia, na wewe na wenzako mkacheka kwamba anabadilisha ngozi kama nyoka, mlinzi alikuwa anazika walioharibika. Ulipaswa kumwondoa mtoto juani na kumshukuru mlinzi.

Sisi weusi tuna kivuli ndani ya ngozi yenyewe, rangi yetu ni kivuli. Godeliva na Yudita walizaliwa bila kivuli hicho. Kwa hiyo jua halina kizuizi, linafika mpaka kwa mlinzi na kumpiga yeye mwenyewe. Na maagizo ya kumtengeneza mlinzi yako mara mbili katika kila chembe: nakala moja inatoka kwako, nyingine kwa mke wako. Jua likiharibu moja, ya pili bado inashikilia. Likiharibu na ya pili, filimbi inanyamaza.

Hapo ndipo Petro aliposimama, akasahau kwamba yuko hospitalini, akaanza kupaza sauti.

"Dokta, hiyo njo ghala yetu! Tulikuwa babili. Mie kwa lango ya mbele, mwenzangu ya nyuma. Kampuni iliacha kutulipa. Mwenzangu akaenda kulima. Mie nikabakia, na bintu ikabakia. Bibi akalia, batoto bakalia, nikaenda kutafuta unga. Kurudia, hata bati ya juu hakuna!"

"Ni vile vile, papa," daktari akamwambia.

"Ao mulinzi habakii mwema kila siku. Kuna wengine babakia na uniformu, banafungulia bezi mulango, bintu inaibiwa."

Daktari alimtazama kwa namna ya kumheshimu. "Hata hiyo inakuwaka. Mara mingine mulinzi haendi. Anabakia fasi yake, lakini ameharibika, anasaidia bezi."

Mwansa, akaendelea kusema jambo ninalotaka ulisome mara mbili. Chembe iliyopoteza mlinzi haifi tena jua likiichoma. Majirani zake wenye walinzi bado wanakufa na kubabuka, wanaacha nafasi wazi, na yenyewe inazaa na kuchukua viwanja vyao. Jua lilelile linalowaua wazuri linamfungulia mbaya shamba. Sehemu hiyo inakuwa ngumu, inakwaruza kama karatasi ya msasa. Haibabuki. Na baba anakuja, anabonyeza kwa kidole, anasema imeshika.

Daktari ni mtu wa haki, kwa hiyo nami nitakuwa wa haki. Alisema si kila palipo pagumu panageuka kansa. Pengine panakaa hivyo miaka mingi, na mtu akikaa kivulini mwili unaweza hata kupashinda. Alisema pia walinzi wako wa aina nyingi, huyu mwenye namba ana wenzake. Lakini mmoja akianguka, jua likiendelea, mwingine anaanguka, na mwingine, ndipo uvimbe unashika njia ya chini, unatafuta damu, unatafuta tezi, unaondoka kwenye ngozi na kwenda kujenga mahali pengine. Godeliva aliinamia vichanja vyako miaka yote, shingo ikiangalia jua. Yeye ndiye aliyejua kupanga samaki kuliko wavulana wako wote, ulijisifu kwa watu. Sehemu ile ya shingo ilikuwa inalipa sifa zako.

Walimkata. Hospitali haina kitu, Mwansa, hata uzi tuliutafuta wenyewe mtaani, na taa ilizimika katikati ya kazi, wakamaliza kwa mwanga wa dirisha. Walitoa kipande kikubwa kama kiganja cha mtoto, wakachukua ngozi ya paja wakaziba. Mimi niliruhusiwa kukaa upande wa miguu. Godeliva hakulala, walimchoma sindano ya ganzi tu, akawa anaongea muda wote, ananiamuru niache kusali kwa sauti, eti ninamchanganya daktari.

Baada ya hapo tulikaa vizuri kidogo. Nilianza kumtembeza jioni. Siku moja barabarani mwanamke mwenye mimba alimwona, akatema mate kifuani mwake mwenyewe, unajua wanavyofanya ili wasizae mtoto wa namna hiyo. Nilimfuata.

"Wee mama! Unatemea nani?"

"Hapana, kambo," akaniita bibi ghafla, "najilinda tu."

"Unajilinda na mujukulu wangu? Anajua kusoma, anajua kushona, anajua kukufunga mudomo. Huyo wa ndani akizaliwa na nusu ya akili yake, utapiga magoti mu kanisa!"

Godeliva alinivuta kitenge. "Kambo, mwachie. Anatema kwa nguo yake mwenye, njo atafua." Tukaenda zetu. Nikatembea haraka hadi akaniambia nipunguze, kovu linavuta.

Sasa habari ambayo sikutaka kuiandika, lakini mkono umefika. Kile walichokata walikipeleka tena kwenye kioo. Upande wa juu ni safi, upande wa chini ni safi, upande wa sikio si safi. Kuna chembe mbaya zimebaki ukingoni. Na chini ya taya, upande uleule, daktari amegusa tezi kama punje ya haragwe. Pengine ni kidonda tu kimeiamsha. Pengine mwizi ameshafika pale. Lazima akatwe tena, upande wa sikio na kwenye tezi, na ndipo watajua. Daktari anangoja dawa ya usingizi iliyoahidiwa na mwenzake. Nilimuuliza, "Tukingojea vita iishe?" Akanijibu, "Mama, hiyo ngonjwa haisikilizaki redio."

Kwa hiyo ulipoandika "Rudini upesi, kidonda kimekauka, tuvuke mto wote pamoja", jibu ni hapana. Tumesikia, na hapana.

Usidhani ilikuwa rahisi. Dereva aliyeleta barua yako alikuwa anarudi asubuhi iliyofuata, akasema, "Kambo, fasi iko, mbele na mie, hamutapigwa na vumbi." Nilifunga mzigo. Nikafungua. Nikafunga tena. Mama anawaza: mwanangu anavuka mto bila mimi, nitamwona wapi tena? Huko ng'ambo watawapanga kambi gani? Nilikaa juu ya mzigo uliofungwa, Petro akaja akakaa karibu yangu, anachezea filimbi.

Ni Godeliva aliyekata shauri. Alikuwa ameisoma barua yako mwenyewe, kimya, nikadhani amekasirika. Akasema, "Kambo, ukitaka kwenda, enda. Mie nabakia. Kichwa yangu na shingo yangu bilisha zoeana, sitaki kubiachanisha."

"Usicheze."

"Sichezi. Lakini usinihangaikie mie. Ni Yudita."

Nikamwambia Yudita ni mzima, baba yake anasema ngozi imeshika.

Akakaa chini. Sikiliza alivyosema, Mwansa, nayaandika kama yalivyotoka mdomoni mwake, wala hakulia alipoyasema.

"Kambo, ile siku shingo yangu iliacha kubabuka, tata, mutoto wako, alinibeba juu. Mbele ya bantu yote. Alisema, sasa uko muntu kamili. Alinipatia kichwa ya samaki, ile munene, ya mafuta, ile anapatiaka bageni. Nilikuwa na furaha hata usingizi haukuya. Niliona sasa niko sawa bengine. Nilienda ku vichanja mie mwenyewe, nafungua shingo, nitafute jua, ikomae zaidi." Akajifunika shingo. "Na sasa Yudita eko na furaha hiyo. Anamubeba, si ndiyo? Muandikie asimufurahie."

Asimfurahie. Nimekaa na neno hilo tangu siku ile, na ndilo linalonitembeza hadi kwenye kona. Najua hukumchukia mtoto hata dakika moja. Watoto hawa uliwapenda wakati ndugu wa mke wako walitaka kuwaficha ndani. Ulisema, wangu hawafichwi, wanatoka nje kama wengine. Nilijivunia. Hata sasa najivunia. Lakini wangefichwa kidogo, Mwansa. Wangefichwa jua tu, si watu.

Kwa mkono wa dereva huyuhuyu anayekupa barua utapokea kifurushi. Ndani kuna shati la Yudita la mikono mirefu, lenye ukosi wa kufunika shingo, na kofia ya ukingo mpana. Godeliva ameshona kwa nguo ya kazi ya Petro, ile ya buluu. Petro alipiga kelele sana: "Hii njo kintu moja tu kampuni iliniachia!" Godeliva akamjibu, "Papa, kampuni hairudi, lakini Yudita atapata baridi ku bega." Petro akaitoa mwenyewe, akaikata mwenyewe, akasema mfuko wenye namba yake ubaki kifuani. Kwa hiyo mtoto atavaa namba ya mjomba wako. Usiikate.

Mwambie mke wako asimame imara. Asifikiri namgombeza yeye, ninajua nani aliyepanga watoto kwenye vichanja. Mkwe wangu huyo nampenda kuliko anavyojua. Msalimie dada yako Maria, fundi wa mikeka, anayefanya kazi ndani ya nyumba: mwambie anapata mwanafunzi, Yudita aanze kumshikia ukindu na kujifunza kusuka. Msalimie katekista wetu, mwambie asiwatangazie watu kwamba albino ni mapenzi ya Mungu bila kuongeza kwamba kofia nayo ni mapenzi ya Mungu. Msalimie mzee Chishimba mwenye mtumbwi, rafiki wa marehemu baba yako. Huyo ndiye awavushe, si vijana wale wanaojaza mtumbwi hadi maji yanawanywa watu. Petro na mke wake wanakusalimu. Godeliva anakusalimu, anasema samaki uliyetutumia kwa dereva hakukauka vizuri.

Siku mtakayovuka, mvuke alfajiri, kabla jua halijapanda. Yudita afunikwe kitenge kuanzia kichwani. Mkifika ng'ambo na wakiwaonyesha uwanja wa kambi, watu watakimbilia unga. Wewe kimbilia kivuli kwanza, unga utafuata. Halafu utafute hospitali ya misheni, umwonyeshe muuguzi yale mabega. Mwambie maneno haya: hayababuki tena, yanakwaruza. Akikuambia ni ngozi tu, mwulize mwingine. Daktari wetu anasema kwa mtoto wa miaka minne walinzi wengi bado wako kazini, wapo langoni, wanangoja mtu mmoja tu awasaidie. Mtu huyo ni wewe, na kazi yenyewe ni kumvalisha kofia.

Siku Godeliva atakapokatwa, nitakujulisha kwa dereva yeyote atakayepita. Usiniombee ujasiri, ninao. Uniombee dawa ya usingizi ifike.

Mimi mama yako, ambaye bado ana nguvu za mkono wa kulia,

Anastazia

Sasa usiikunje barua hii na kuiweka mfukoni uisome tena jioni. Usiende kwa wazee kuwauliza wanaonaje. Kama unaisoma mchana, yeye yuko juu pale sasa hivi. Inuka, nenda kwenye vichanja, mshushe Yudita, umpeleke ndani. Usimbonyeze. Usimpe kichwa cha samaki. Mwambie tu kazi imekwisha.

Ndege waache wale.